Amina Niliyoisema Bila Kusikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tusiosikia! Mimi ni Mama Shiro wa Kiganjo, fundi wa nguo, na nimeokoka. Ushuhuda huu nimeuandika kwa sababu homa ilinichukulia masikio nikiwa darasa la saba. Kuongea naongea, kusoma nasoma, na mtu mmoja akiniangalia usoni akisema polepole namfuata midomo. Wakiwa wawili, nimepotea.

Fellowship yetu ya akina mama ina watu kutoka Thika mpaka Ruiru, kwa hivyo mambo hupangwa kwenye grupu ya simu. Nilipoingizwa nilifurahi sana. Nilijiambia, huku kwa simu wote tutasoma tu, tutakuwa sawa. Kumbe hakuna aliyeandika! Mwenyekiti alituma sauti, wengine wakajibu kwa sauti, na maandishi pekee yalikuwa Amina, Amina, Amina. Basi na mimi nikawa naandika Amina. Nangoja wawili watatu waseme, kisha nafuata. Niliona aibu kuwa yule wa kuelezwa kila kitu. Miezi minane, ndugu zangu.

Kilichonichanganya zaidi ni Mama Ciku, mwenzetu wa grupu. Ana kibanda cha mboga kando ya nyumba yangu, hatua kumi kutoka kwa cherehani, na tulikuwa tukila pamoja kila mchana. Ghafla akaacha kunisalimia. Nampungia mkono, anageukia sukuma wiki yake. Nilijiuliza kama nilimkatia kitenge vibaya. Nikafunga siku tatu nikimwomba Mungu anionyeshe kosa langu. Mungu alinyamaza, au labda na yeye alinijibu kwa sauti kama wale wengine.

Jumanne moja mwenyekiti akatuma sauti fupi. Nikasema leo sitakuwa wa mwisho, wasije wakadhani nimepoa kiroho. Nikaandika Amina wa kwanza. Wakanitumia maua, mioyo na makofi. Nilishangaa kupendwa hivyo kwa neno moja, lakini nani hukataa maua?

Alhamisi mchana nilikuwa nikishona mbele ya nyumba. Nikainua macho, nikaona akina mama kama kumi na watano wakiingia getini, vitambaa kichwani, wamebeba unga na sukari. Kwetu watu huja hivyo penye msiba. Mume wangu Karanja huendesha lori la mawe kutoka Theta, na tangu asubuhi hakuwa amejibu ujumbe wangu. Nilijua amekufa. Nilipiga nduru majirani wote wakatoka. Wale akina mama wakafungua midomo pamoja, sikuelewa hata mmoja. Mmoja akaanza kulia kwa sababu mimi nalia, mwingine akamfuata, na kwangu huo ukawa ushahidi.

"Niambieni mwili uko wapi," nikawaambia.

Mama Ciku ndiye aliyenishika mabega. Akachukua daftari langu la vipimo akaandika: "Hakuna aliyekufa. Ulisema Amina. Leo fellowship ni kwako."

Kumbe ile sauti ya Jumanne iliuliza nani atatukaribisha nyumbani, na anayekubali aseme Amina. Sikuwa na hata majani ya chai. Nilikasirika, sitawaficha. Niliwauliza kama wamesahau mimi ni kiziwi. Mwenyekiti akanisogelea, akanijibu polepole niweze kumsoma: "Tuliona unajibu. Tukadhani simu inakusikilizia."

Hasira ikaniisha, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewadanganya, Amina moja baada ya nyingine.

Wakaketi kitandani na juu ya vitambaa vya wateja. Mama Ciku akafungua grupu, akawa anasikiliza zile sauti za nyuma na kuniandikia. Mtoto wa fulani alilazwa. Fulani alifiwa. Halafu kalamu ikasimama. Kisha akaandika: "Hii ni yangu. Madaktari walipata uvimbe kwenye titi langu, nikaomba mtu wa kunisindikiza hospitali. Wewe ulisema Amina. Nilikungoja steji ya matatu mpaka saa sita, nikaenda peke yangu. Nilidhani unaogopa ugonjwa wangu."

Ndugu zangu, nilikuwa nikimpungia huyu mama mkono kila siku! Nililia kuliko nilivyomlilia Karanja. Mama Ciku naye akalia, akanishika, na fellowship yote ikapita hivyo bila mahubiri.

Siku hizi kila sauti kwenye grupu yetu inafuatwa na maandishi. Wengine bado wananichanganya, sauti ya dakika tatu wanaiandika "tuombe" tu, lakini nawauliza, na aibu ile Bwana ameiondoa. Kwa nini alinipitisha kwenye matanga yasiyo na maiti, mpaka leo sielewi. Namshukuru hivyo hivyo. Nawe uliyejificha nyuma ya Amina kama mimi, mtumaini Bwana, sema hujasikia. Na ninyi mlio na grupu, yule anayejibu neno moja kila siku, mwulizeni kama anawapata.

Wiki jana Mama Ciku alikuwa akirudi hospitali kwa matibabu. Aliandika mwenyewe, hakutuma sauti: Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, steji. Nilifika kabla yake, nikamngoja.