Stefania Likwata, Aliyekataa Kuomba Radhi

Ndugu mliokuja kutufariji leo, familia inawasomea maisha ya mama yetu kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yazikwe naye.

Marehemu Stefania Ambrosi Likwata alizaliwa Nyangao tarehe 14 Machi 1933, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akahitimu uuguzi mwaka 1955, akafunga ndoa na Mwalimu Bonaventura tarehe 6 Januari 1958, wakajaliwa watoto wawili, Cecilia na Tomaso, na mwaka 1969 akahamishiwa zahanati ya Kinjumbi.

Februari 1978 kipindupindu kiliingia kijijini, dripu zikaisha siku ya tatu, na mkubwa mmoja wa afya aliyekuja kukagua akaamuru mgonjwa yeyote asinyweshwe kitu, kwani angekiharisha chote. Mkekani alilala Adija Huseni, mjamzito, macho yamezama. Marehemu, aliyekuwa amefundishwa kwenye semina jinsi utumbo unavyonyonya maji, akajibu mbele ya watu:

"Bwana mkubwa, ukuta wa utumbo una vilango vya protini. Kilango kinafunguka upande wa chakula, kinashika chumvi na sukari kwa pamoja, halafu kinageuza umbo lake, kinafunga huku na kufungua kwa ndani, na maji yanafuata. Kipindupindu hakijavivunja. Lakini chumvi ikija bila sukari, kilango hakigeuki."

"Umeviona kwa macho yako?"

"Sijaviona. Ninayemwona ni Adija, anakufa."

Akachemsha maji, Bi Sugra, mke wa Esmail mwenye duka, akaleta sukari, wakakoroga na chumvi kwa kipimo na kumnywesha Adija kijiko kwa kijiko, akitapika wanaanza tena, hata alasiri akapata mkojo, na jioni akaomba uji. Wagonjwa walikuwa arobaini na mmoja, tukazika wawili.

Alipotakiwa kwa barua ya onyo aombe radhi kwa kukaidi amri, aliandika, "Siombi radhi kwa watu kupona," akahamishiwa Likawage kama adhabu, akaenda, na huko nako akafundisha kina mama kukoroga maji yale.

Aliugua figo mwaka 1983, akafariki Lindi tarehe 9 Agosti 1984. Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, wauguzi wenzake, majirani wa Likawage waliombeba, na Adija, aliyefika leo na mwanawe. Barua ile ya onyo haijafutwa hadi leo, na familia haiombi ifutwe.

Mama Stefania, pumzika sasa kwa amani, hukukosea.