Marselino Ndaki Masalu (1964–2025): Aliyetaka Aagwe Uso Wazi

Marselino Ndaki Masalu, tunayemzika leo hapa Ukune, wilayani Kahama, alizaliwa katika kijiji hikihiki tarehe 14 Machi 1964. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndaki Masalu na Mama Agnetha. Alichunga ng'ombe pamoja na kaka yake Eliya, na hadi uzeeni ndugu hao walibishana ni nani aliyesinzia siku ndama walipoingia kwenye pamba ya jirani. Ubishi huo haukupata mshindi.

Alisoma Shule ya Msingi Ukune kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Hesabu alizipenda. Kusoma kwa sauti hakukupenda, kwa sababu lafudhi yake ya Kisukuma iliwachekesha wenzake. Baadaye, machimboni, alipokutana na watu wa kila mkoa, alisema kwamba huko ndiko alikogundua kuwa hakuna asiye na lafudhi.

Mwaka 1988, baada ya ukame kuharibu pamba, alikwenda Nyarugusu, Geita, kuchimba dhahabu. Hakukaa sana kwenye sururu. Alijifunza kuweka matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke, na kazi hiyo ikawa yake kwa miaka thelathini. Aligonga kila gogo kwa kisigino cha shoka, akasikiliza, kisha ndipo akaruhusu watu washuke. Wachimbaji walimwita Mzee Matimba. Hakuna duara, yaani shimo la dhahabu, alilolifunga yeye lililofukia mtu.

Tarehe 3 Oktoba 1992 alifunga ndoa ya Kikanisa na Lusia, binti wa Buseresere aliyekuwa akiuza mchele Geita. Marehemu alipenda kusimulia kwamba alinunua mchele kwake hadi wenzake kambini wakalalamika, "Matimba, leo tule hata ugali!" Mungu aliwajalia watoto watatu: Noela, Abel na Esta.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 alipata kidonda ndani ya shavu la kushoto. Alidhani ni jino, likang'olewa. Kidonda hakikupona, kilikua hadi kikatokeza nje. Mwaka uliofuata, katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza, ilithibitika kuwa ni saratani. Daktari bingwa alimweleza kwamba shavu litaondolewa pamoja na sehemu ya taya, na pengo litazibwa kwa nyama na ngozi ya kifua chake mwenyewe. Nyama hiyo ingepitishwa chini ya ngozi ya shingo bila kukata mshipa unaoilisha damu.

Marehemu alifikiri, kisha akasema, "Kwa hiyo mnatoa gogo penye nguvu, mnaziba palipobomoka, duara ni lilelile."

"Ndiyo, mzee. Lilelile."

Alifanyiwa upasuaji tarehe 11 Juni 2019. Wauguzi walikuja mara kwa mara kubonyeza shavu jipya kwa kidole, kuona kama damu inarudi. Ilirudi. Alilishwa kwa mpira wa puani, akapewa tiba ya mionzi, akajifunza upya kumeza na kutamka. Shavu lilipopona, likaota vinyweleo vya kifuani. Yeye, ambaye hakuwahi kuwa na ndevu, alimwambia mkewe, "Mama Noela, nimezipata uzeeni, tena upande mmoja."

Jambo lililomuumiza lilimsubiri Nyarugusu. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba ameshonewa nyama ya maiti. Wachimbaji hula ugali pamoja kwenye sinia moja. Siku aliyorudi, yeye alipewa sahani yake, pembeni. Alikula peke yake, na kuanzia hapo akawa anafunika uso kwa kitambaa, hata kanisani.

Ilimchukua miezi kadhaa kukiondoa. Mchana mmoja alisimama mbele ya wenzake wakiwa wanakula, akafungua vifungo vya shati.

"Marwa, njoo. Weka kidole kwenye hili kovu, ukifuate."

Marwa, mchimbaji kutoka Tarime aliyefanya naye kazi muda mrefu, alilifuata kovu kutoka kifuani hadi karibu na bega.

"Ngozi iliyotoka hapa ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Na iko wapi?"

Marwa alitazama shavu. "Ipo hapo usoni. Sasa mzee, ukipigwa kofi, utaumia kifua?"

"Jaribu, nikurudishie, ujue kama na mkono bado ni wangu."

Walicheka, na Marwa akasogeza sinia. Kitambaa hakikurudi tena.

Mwaka 2024 saratani ilijitokeza kwenye mapafu. Aliuguzwa nyumbani kwake Geita. Siku moja Mzee Eliya alishauri, kwa nia njema, kwamba Mungu akimchukua jeneza lisifunguliwe, ili asitiriwe. Mgonjwa alikuwa macho.

"Kaka, mkinifunika watasema mmenizika na nyama ya mtu mwingine. Fungueni. Anayetaka kuniaga, aniage na shavu hili."

Mzee Eliya alimrekebishia shuka. "Haya, tutafungua. Lakini siku ya ndama uliyelala ni wewe."

Marehemu alitabasamu kwa upande uliokuwa ukiweza.

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mjane, Lusia, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka yake Eliya, na dada yake Sesilia.

Baada ya maneno haya jeneza litafunguliwa, kama alivyoagiza. Tunawaomba mpite upande wa kushoto, penye shavu hilo. Wa kwanza kupita ni Mzee Eliya.

Marselino, pumzika kwa amani. Mwili wote huu ni wako.