Emiliana Mpinga na Breki Zilizopakwa Alizeti

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe juu ya nyumba zenu. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Emiliana Mpinga wa Iguguno. Alikuwa mama, alikuwa mjane, na alikuwa dereva. Moyo wake ulisimama wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Wengi mlimjua kwa lile shangingi kuukuu la kanisa, lililokuwa likipeleka wajawazito hospitali. Kabla ya gari lile, mama akishikwa na uchungu alipandishwa mkokoteni wa ng'ombe. Emiliana ndiye aliyeuendesha mkokoteni huo tangu mumewe alipofariki. Kanisa lilipopewa gari, akajifunza kuendesha. Vijana wa stendi wakamwita Mama Mkokoteni.

"Mama Mkokoteni, leo ng'ombe wako wamekula dizeli?"

"Wamekula," aliwajibu. "Na hawakojoi barabarani kama nyie."

Sasa sikilizeni kosa lake. Mwenyewe alilisimulia kanisani mbele ya watu wote, na mwanawe, Noel, ameniruhusu nilisimulie hapa.

Breki za gari zilianza kulia. Kila akikanyaga, magurudumu ya mbele yanapiga kelele. Ekseli ya mkokoteni ikilia, sisi huku tunafanya nini? Tunaipaka mafuta ya alizeti, inanyamaza. Emiliana akachukua chupa ya alizeti, akamimina kwenye breki za mbele. Kweli, zikanyamaza. Akamshukuru Mungu.

Lakini breki hushika kwa kusuguana pakavu. Nasema tena, pakavu. Ukitia mafuta, zinateleza.

Asubuhi hiyohiyo alimpakia Jesca, mke wa jirani, aliyekuwa na uchungu. Pamoja naye alipanda mama mkwe wake, Bibi Scholastika. Kwenye mteremko Emiliana alikanyaga breki, gari halikusimama. Likaacha barabara, likaingia shambani kwa watu. Jesca alijifungua palepale, salama. Bibi Scholastika alivunjika mkono.

Wazee wa kanisa wakachukua ufunguo. Mwenyekiti wao, Mzee Isaka, alitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Maana yake nini, wasikilizaji? Maana yake wajawazito warudi kwenye mkokoteni. Hilo ndilo lililomnyima Emiliana usingizi.

Mdogo wake, Kristina, anaishi Utemini, hapa mjini. Anakumbuka hivi: "Alikuja na kibegi na Biblia. Nikamwamkia, shikamoo dada, karibu upumzike. Akasema marahaba, sikuja kupumzika, nionyeshe wanapofundisha ufundi jioni. Nikamwambia utachekwa. Akasema, nimeshachekwa. Wewe songa ugali, mimi nikasome breki."

Akasoma. Kila jioni akiingia darasani alisali kwanza, na akirudi mikono ilikuwa imejaa grisi. Mafunzo yalipokwisha, alirudi Iguguno akawaomba wazee wasiuze gari. Wakakubali kubadilisha pedi za breki, wakamrudishia ufunguo. Wakadhani yamekwisha.

Emiliana akakataa kulitoa. Gari lilikuwa likivuta kushoto, na likipita kwenye mashimo, mbele palikuwa pakigonga.

"Mzee wangu, breki zimepona," alimwambia Mzee Isaka. "Miguu ya mbele bado."

"Mama, gari hili tumeliombea Jumapili nzima."

"Amina. Sasa inama ulishike hilo gurudumu."

Alikuwa amelipandisha kwa jeki. Mzee akashika, akatikisa. Gurudumu likacheza mkononi mwake kama jino bovu. Akalitikisa tena, kama mtu asiyeamini. Kisha akauliza taratibu, "Na humu ndimo tulimokuwa tukipandisha wake za watu?"

Mavuno yalipofika, kanisa lilichanga alizeti, spea zikapatikana: boljoint na bushi, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu. Emiliana akavifunga, fundi akisimamia.

Hata hivyo hakuna aliyepanda. Wajawazito walipelekwa hospitali kwa bodaboda, wakampita akiwa amekaa kwenye usukani. Hakuwalaumu. Akatangaza utaratibu wake: "Ndugu wa mgonjwa atatikisa magurudumu kwanza, kisha atatazama nikipiga breki uwanjani, ndipo tuombe, ndipo tuondoke." Alisema hivyo kila Jumapili, hata walipomchoka.

Siku moja Bibi Scholastika alikuja na binti yake, Janeth, aliyekuwa na uchungu. Hakuamkia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akalishika kwa mkono uleule uliovunjika, akatikisa kwa nguvu zake zote. Akasogea hadi la pili. Akamwambia Emiliana apige breki. Akapiga. Akamwambia apige tena.

Halafu akamfungulia binti yake mlango. "Panda, mwanangu. Halichezi."

Tangu siku hiyo gari halikukosa abiria. Emiliana Mpinga aliliendesha miaka tisa, na halikuacha barabara tena.

Noel, Kristina, na nyumba yote ya Mpinga, poleni sana. Mungu awape nguvu. Noel ameniambia kwamba matanga yalikuwa hayajaanuliwa, uchungu ukamshika mama mmoja kule Misigiri. Waombolezaji wakasimama, magurudumu yakatikiswa, breki zikapigwa, wakaomba. Gari likaondoka.

Nawe unayenisikiliza, huenda gari lako linavuta upande, au linalia ukikanyaga. Omba, ndiyo. Ukishasema amina, inama ulitazame, kabla hujampandisha mtoto wa mwenzako.