Umio wa Ng'ombe Kijiweni Miyomboni

Asubuhi moja ya baridi, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, benchi la kahawa la Miyomboni, mjini Iringa, lilijaa kabla birika halijachemka. Katikati aliketi Eliezeri, seremala, na kikombe chake hakijaguswa. Jana mkewe, Rozalia, alijifungua mtoto wa kike, na mtoto alikuwa akitoa povu mdomoni. Daktari alimweleza Eliezeri kwamba umio, njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, umeishia katikati kama mfuko. Asipewe kitu mdomoni, hata tone. Saa sita gari la hospitali lingeondoka kwenda Dar es Salaam, ambako wangejaribu kumpasua na kuunganisha njia. Baba aseme ndiyo au hapana.

— Kichanga cha jana kipasuliwe? — alisema Eliezeri. — Nitasema ndiyo kwa mdomo gani?

— Huo upepo tu, — alidakia Ambrosi, fundi wa malori waliyemwita Difu, kama zile gia za ekseli ya nyuma. — Dizeli ikigoma kupita, unatoa upepo kwenye paipu. Mpe maji ya vuguvugu, kijiko kimoja. Itafunguka!

— Wewe hata jipu utalitafutia spana, — alisema Mzee Kalinga. Walimwita Mahakama, maana alikata hata kesi asizoletewa. — Sikilizeni. Watu wamehamishwa, ng'ombe wamehamishwa. Mnadhani matumbo yamebaki palepale? Utumbo wa mtoto umehamishwa kabla ya kuoneshwa kiwanja!

— Mzee, mtoto kazaliwa hapahapa mjini! — alipinga Difu.

— Na mimba je? Iliingilia wapi?

Benchi zima lilicheka. Eliezeri hakucheka.

Kasian, mchinjaji, alikuwa ameondoka kimyakimya. Alirudi mbio, umio wa ng'ombe ukimning'inia begani.

— Sogezeni vikombe! Kabla hamjamfungua mtoto wa watu kwa spana, tazameni. — Aliuchana kidogo kwa kisu. — Ndani ngozi laini, ina utelezi. Nje yake nyama. Hii imezunguka kama pete, hii imelala kwa urefu. Hiyo ndiyo inayosukuma.

— Isukume nini? — alibisha Difu. — Chakula kinaanguka chenyewe.

— Kinaanguka? Ng'ombe anakunywa kainamisha kichwa mtoni! Maji yanaangukia wapi, mbinguni?

— Yanapanda! — alipiga kelele Mahakama, akasahau kiwanja chake. — Yanapanda kweli, jamani!

Kasian aliufunga umio fundo upande usiochanwa.

— Huyu ndiye mtoto wetu. Difu, shika huku juu. Haya, mpe kijiko chako.

Kasian akamimina kahawa. Mfuko ulivimba, ukajaa, kahawa ikafurika na kumwagikia Difu suruali yote. Difu aliruka.

— Umeona? Haina pa kwenda. Inarudi juu. Na ikirudi, jirani yake nani pale kooni?

Difu, mguu mmoja juu, aligusa kifua chake taratibu.

— Pumzi, — alisema.

Eliezeri alisimama.

— Basi aende. Asubuhi nzima nimehofia kisu, kumbe kijiko ndicho cha kuogopa. Nakwenda kusema ndiyo.

Walishangilia hadi muuza kahawa akagonga birika. Evarista, muuza vitumbua, alisimama na beseni lake kichwani.

— Kamwene! — aliwasalimu kwa Kihehe. — Kuna sherehe gani?

Wakamweleza wote kwa mpigo: povu, mfuko, kijiko, gari.

— Na bibi yake mtoto mmemwambia? — aliuliza. — Nimepishana naye sasa hivi anapandisha hospitali. Kabeba kibuyu cha uji mwepesi, anakwenda kumwonjesha mjukuu.

Kabla hajafunga mdomo, Eliezeri alishaondoka. Aliruka mtaro, akakata katikati ya mafungu ya nyanya huku wenyewe wakimtukana, akapanda kilima koti likipepea.

Alimfikia mama yake langoni mwa hospitali.

— Mama! Usi… usimpe…

— Nisimpe nini? Nimezaa saba, wote nimewaonjesha siku ya pili.

Eliezeri hakuwa na pumzi ya kueleza mifuko wala pete. Alimpokonya kibuyu, akakiinua, akaunywa uji wote palepale hadi ukamtiririka shingoni.

— Wewe! Chakula cha mtoto!

— Njia yake imekatika, mama. Ungeingia kwenye pumzi. Wanampeleka Dar wakaiunganishe. — Akamrudishia kibuyu kitupu. — Akirudi, wa kwanza kumwonjesha ni wewe.

Bibi alikitazama kibuyu, kisha akamtazama mwanawe. Akashika upindo wa khanga, akamfuta kidevu.

— Hilo gari liko wapi? — aliuliza.