Dini Iliyoanzia Saluni

Basini, kiti cha mbele yangu, msusi alikuwa akimweleza mzee fundi saa jinsi dini yao ilivyoanzia saluni kwa shangazi yake. Wateja wa kila imani walisukwa huku wakiombeana wagonjwa, mpaka wakazoeana. "Na Mungu mnamwita nani?" mzee akauliza kwa ukali. "Kila mtu na alivyomzoea, baba. Mimi mwenyewe naitwa mama, dada, wifi, na kote naitika."

"Na jehanamu?" "Hatuna." Mzee akaguna kama mtu aliyepewa chai ya jana. "Mmepotea! Mnakutana lini, nije niwaambie?"

Basi likasimama, msusi akainuka. "Jumapili jioni. Ila njoo na kiti chako, baba. Vyetu vyote vimekaliwa na waliokuja kutuambia hivyohivyo."