Elina Hezekia Mughwai, Mchora Mapambo wa Mandewa

Mchungaji, wazee wetu wa Shelui na wa Ilongero, majirani mliotoka Mandewa tangu alfajiri, shikamooni, na kwenu nyote mliobaki, poleni kwa msiba. Mimi ni Emilian, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi ambayo kwa umri wetu nilitarajia yeye ndiye angenifanyia mimi.

Elina alizaliwa tarehe 9 Juni 1987 huko Ilongero, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Hezekia Mughwai, mkulima wa uwele na alizeti, na mkewe Mama Esta, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma elimu ya msingi Ilongero kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, kisha sekondari hadi mwaka 2005, na tunaokumbuka utoto wake tunajua kwamba hakukaa karibu na mchanga mkavu bila kuchora, akianza na jani moja na kuongeza la pili la kufanana nalo, mpaka mama akipita na ndoo ilibidi azunguke.

Mwaka 2006 alikwenda Singida mjini kusomea kompyuta, na mwezi Machi 2008 aliajiriwa na Bwana Sultani, ambaye yuko nasi hapa, katika steshenari yake karibu na soko, kwa kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi. Katika kompyuta ya dukani aliikuta programu ya kuchorea ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia, akaanza kujifunza mwenyewe saa za mchana wateja walipopungua, na akagundua kwamba akichora nusu ya ua tu, kompyuta humgeuzia nusu ya pili kama inavyoonekana kwenye kioo, na akichora petali moja huweza kuizungusha mpaka mduara ukajaa, tena ua hilohilo la ukubwa wa kadi likakuzwa likatosha geti zima bila mistari yake kufifia. Tangu hapo kadi za michango ya harusi na za kipaimara katika mji wetu zikawa na mapambo yake pembezoni, na nadhani wengi mliopo hapa mmewahi kuzishika bila kujua ni mkono wa nani.

Mwaka 2010 alifika dukani fundi wa kuchomelea kutoka hapa Shelui, Fredrick Gasto, akiwa na ua alilolikata kwa mkasi kwenye boksi, akitaka kopi yake kwa ajili ya geti, naye shemeji ameniruhusu niseme yaliyotokea. Elina aliligeuza lile boksi huku na huku, akamwambia, "Kaka, ua lako limeshiba upande mmoja tu," naye Fredrick akamjibu, "Basi nichoree wewe lililoshiba kotekote." Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 2011, wakahamia Mandewa, yeye akichora na mumewe akikunja nondo kwa kufuata michoro yake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Severina aliyezaliwa mwaka 2012, Derick mwaka 2014, na Esta, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka 2017.

Esta mdogo aliugua homa kali mwezi Mei 2020, akafariki tarehe 11 ya mwezi huo akiwa na miaka mitatu, akazikwa hapa nyumbani kwa babu yake Mzee Gasto. Baada ya msiba huo Elina alirudi kazini, akachapa barua na kutoa kopi kama zamani, lakini mapambo hakuchora tena, na mteja akiomba ua kwenye kadi alimwelekeza kwenye duka lingine, wala Bwana Sultani hakumuuliza.

Mwezi Juni mwaka huo majirani zao wa msikiti wa Mandewa, waliokuwa wakimalizia sehemu ya akina mama, walimwomba Fredrick atengeneze dirisha la chuma lenye nyota, nao wakataka mchoro uwe wa Elina. Mama Zabibu, mke wa Mzee Mohamedi, alikwenda mwenyewe kumwomba, na Elina akamjibu, "Shikamoo mama, nisamehe, mkono wangu haukubali." Mama Zabibu akaitikia, akaketi naye, akanywa chai, na alipoaga akasema, "Hatukuja kukuharakisha, mwanangu, dirisha litakungoja." Na kweli lilingoja. Wapo walioshauri kazi ipewe mtu mwingine, akina mama wakakataa, wakatundika turubai, na nyie mnaujua upepo wa Singida miezi ile ya kiangazi, ulilichana turubai lile wakabaki wakiswali huku wamejifunika nyuso kwa kanga, vumbi likiwaingia, na bado hawakumtuma mtu kumuuliza amefikia wapi.

Mwezi Novemba, mvua zilipokaribia, Elina alipita pale akaona vipande vya turubai, akaenda dukani, akakaa kwenye kompyuta akachora pembe moja ya nyota, akaizungusha mpaka zikawa nane, kisha akamwita Mama Zabibu aje aangalie. Mama Zabibu alitazama, akauliza, "Mbona hapa katikati umeacha wazi?" Elina akasema, "Hapo nimemwachia Esta." Hakuulizwa tena, Fredrick akalichomelea vilevile, na dirisha lipo hadi leo.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 2023. Alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, na mezani akiacha chakula cha upande mmoja wa sahani akidhani amemaliza, tukamtania, hatukujua. Madaktari wa Singida walimpeleka Dodoma, na Dodoma wakampeleka Dar es Salaam, ambako ilionekana ana uvimbe kichwani uliomnyima kuona upande wa kushoto, akafanyiwa upasuaji mwezi Aprili 2024, uvimbe ukatoka kwa sehemu tu.

Aliporudi Mandewa, Bwana Sultani alimpelekea kompyuta nyumbani, na huko ndiko alikofanyia kazi mwaka wake wa mwisho. Alichora nusu ya kulia, aliyoweza kuiona, kompyuta ikamletea ya kushoto, asiyoweza, kisha alikuwa akimwita Severina na kumuuliza, "Mwanangu, huko kwingine kumekaa sawa?" Siku moja binti alimjibu, "Hapana mama, katikati kuna ufa," na shangazi mmoja aliyekuwepo akamkonyeza mtoto anyamaze asimsikitishe mgonjwa, lakini Elina akasema, "Mwacheni aseme, nikidanganywa nitafanyaje kazi?" Akamwonyesha jinsi ya kuzisogeza nusu mbili mpaka zikagusana, na kuanzia siku hiyo mama na mwana waliketi kwenye kompyuta moja.

Mwezi Julai mwaka huu hali ilibadilika, macho yote mawili yakazimika, akalazwa hapo Singida. Jumanne jioni Severina alikuwa kitandani kwake, akamshika mkono wa kulia na kumchorea jani kwa kidole kiganjani, taratibu, mama yake akatulia akilisikiliza, kisha akasema, "Geuza," na binti akauchukua mkono wa kushoto akamchorea jani lilelile likiwa limegeuzwa, kama kwenye kioo. Hilo ndilo neno la mwisho tulilolisikia kwake. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili na sisi ndugu zake wanne.

Familia za Mughwai na Gasto zinawashukuru madaktari na wauguzi wa Singida, Dodoma na Dar es Salaam waliomhudumia bila kuchoka, Bwana Sultani na wafanyakazi wenzake, usharika wetu, na majirani wa Mandewa, hasa Mama Zabibu na akina mama wenzake ambao wamepika tangu siku ya kwanza ya msiba na kutuzuia hata tusioshe sufuria. Tuliyemsahau tunamwomba atuwie radhi, macho yetu yana machozi.

Mama yetu ameketi hapa mbele. Jana aliponiona naandika karatasi hii alisogea karibu yangu akasema, "Usisome marefu, Emilian, mwenzio amechoka, mwache alale." Nami nimemtii, nakomea hapa.

Lala, Elina. Lala kwa amani.