Ndara Juu ya Mizani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda, viongozi wa ushirika wa wakulima wa michikichi, ndugu wageni waalikwa, nawe Mama Chupa, unayestaafu leo huku ukijifanya huioni kamera: habari za mchana.

Mimi niliyekuwa mkuu wake wa maabara, kabla hajarithi kiti changu, nimeombwa niseme machache. Mnanijua, machache yangu yana wajukuu.

Mwaka mmoja mashine yetu ilikuta dawa ya wadudu katika kila sampuli ya mawese ya ushirika. Ilibaki saini moja tu, na mavuno ya msimu mzima yangemwagwa. Nikamwambia, "Mama, tia saini."

Akanijibu, "Mzee, dawa hii wakulima waliwanyunyizia viwavi kabla ya masika. Imepigwa jua, imenyeshewa, vijidudu vya udongo vimeitafuna. Imefufuka lini?"

Akachukua chupa isiyo na mafuta hata tone, yenye kile kioevu tunachoyeyushia mafuta, akaipima peke yake. Dawa ikaonekana. Akarudia, ikaonekana zaidi.

"Kumbe humu namo mna shamba," akasema.

Mara akaingia mhudumu wetu, mtu msafi kuliko sabuni, kopo mkononi. "Shikamooni wazee. Nipisheni kidogo, niwapulizie mende kama kila Ijumaa."

Ndugu zangu, tulitazamana, tukacheka hadi tukashikilia meza. Wasaka sumu tulikuwa tukijipulizia sumu ileile wenyewe! Tukaosha kila chombo, tukahamia jengo la pili, tukaanza upya na mawese mengine kutoka mapipa yaleyale. Yakatoka safi, na wakulima wakauza.

Tangu hapo kopo lile ni marufuku. Mama Chupa alileta ndara yake ya kushoto, akaitundika juu ya mizani, ikawa silaha yetu pekee. Mende wamenawiri, sikatai, lakini wageni wakishtuka kumwona mmoja, Mama huwaambia, "Huyo ndiye cheti chetu."

Sasa binti yangu, mkuu mpya wa maabara, sogea. Funguo atakupa Mkurugenzi. Mimi nakukabidhi ndara hii. Ipokee kwa mikono miwili. Na siku mzee yeyote akikuambia "tia saini tu", usidhani ndara hii ni ya mende peke yao.

Mama Chupa, kapumzike. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.